Vitu vya Marehemu Barazani

Desemba inapoanza, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hushusha watu Moshi usiku na mchana, na nyumba za migombani zilizokaa kimya mwaka mzima hufunguliwa madirisha. Wachagga wanarudi nyumbani. Wanarudi kwa Noeli, kwa ndafu, kwa kupalilia makaburi ya wazee. Lakini kila mwaka zipo familia zinazorudi pia kwa kazi ambayo haisemwi sana kwenye simu, nayo ni kuamua vitu vya marehemu. Baba alifariki mwezi wa tatu. Mama amezeeka, anahamia kwa binti yake Arusha. Nyumba ya zamani inabomolewa ijengwe ya kisasa. Kihamba kinajulikana ni cha nani, nguo ziligawiwa siku ya kumaliza matanga, ng'ombe ameshapata mwenyewe. Yanayobaki ni yale ambayo hakuna mtoto aliye na nafasi nayo mjini: cherehani, karabai, redio isiyosema, saa ya ukutani iliyosimama, sanduku la bati lililojaa karatasi. Hayo hutolewa barazani, yakafutwa vumbi kidogo, na mpita njia akiuliza bei anatajiwa.

Hatuna jina la biashara hii. Padre mmoja aliyesoma Marekani alitusimulia kwamba kule ni jambo lenye utaratibu wake kamili. Kampuni hukodiwa, nyumba nzima ya marehemu ikafunguliwa kwa siku mbili au tatu, kila kijiko kimebandikwa bei, watu wakapanga foleni tangu alfajiri, na siku ya mwisho vingi huuzwa nusu bei. Wageni huingia hadi chumba cha kulala na kufungua droo. Tuliposikia habari ya droo tulicheka kwa aibu. Huku kwetu mgeni haingii chumbani mwa marehemu. Vitu ndivyo vinavyomfuata mgeni barazani. Hata hivyo hamu ya mnunuzi haina tofauti, awe Chicago au Marangu. Anaamini kwamba chini ya lile lundo kipo kitu ambacho waliotangulia wamekipita bila kukiona.

Hamu hiyo sisi tunayo. Tu mafrateri watatu wa mwaka wa pili wa falsafa, wote wa miaka 25 hivi: mmoja wa Rombo, mmoja wa Kilema, na wa tatu ndiye anayeshika kalamu kwa niaba ya wenzake. Mfuko wetu unaujua, ndugu msomaji. Tukiwa na shilingi 10,000 tunajiona matajiri, tukiwa na 20,000 tunatembea haraka haraka.

Tulianza kwa sababu ya pasi. Umeme ulikatika siku nne mfululizo kwenye parokia tuliyopangiwa wakati wa likizo, kanzu zetu zikawa kama zimetafunwa na ndama, na katekista akatupeleka kwa jirani aliyekuwa akiuza vyombo vya marehemu mama yake. Kwa shilingi 5,000 tukapata pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mdogo kwenye komeo la kifuniko. Ilikuwa imeshika kutu chini. Tuliisugua kwa majivu na limau, tukaipitisha moto juu ya jani bichi la mgomba mara tatu nne, ikateleza. Jumapili ile kanzu zetu zilisimama zenyewe. Kuanzia hapo tukawa na jicho, na mwenye jicho hapiti baraza yoyote bila kugeuka.

Kazi kubwa ni kusoma. Kila kitu cha zamani kimeandikwa mahali, na mara nyingi kimeandikwa kwa chini. Ukipata chemli ya Feuerhand yenye maandishi ya Western Germany, umeshajua ilitengenezwa kati ya 1949 na 1990, maana jina hilo la nchi lilitumika katika miaka hiyo. Redio kubwa za mbao zenye kioo mbele zilikuwa na majina ya miji kando ya mshale. Tumewahi kuiona moja yenye Leopoldville na Lourenço Marques kwenye kioo kimoja. Leopoldville iliitwa Kinshasa tangu 1966, Lourenço Marques ikawa Maputo 1976. Basi redio ile ilizaliwa kabla ya habari hizo kuifikia. Mwenye nyumba aliizungusha mshale hadi Leopoldville, akatega sikio kwa mzaha, akasema, "Hawapatikani."

Cherehani ni somo peke yake. Singer nyingi tulizokutana nazo migombani zina namba inayoanza na herufi E, ikifuatiwa na herufi nyingine, na hizo ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Mashine iliyotoka Uskoti ilifikaje kwenye mteremko wa Kilimanjaro? Kwa kahawa. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa, KNCU, kiliundwa 1933, na bei ya kahawa ilipopanda miaka ya 1950 wazee wengi walishusha magunia na kupandisha cherehani. Bibi mmoja alituonyesha yake, akaiwekea mkono juu kama mtu anavyomshika mtoto kichwani, akasema, "Hii imesomesha watano." Hakuwa anaiuza. Ilikuwa imetolewa barazani kwa makosa ya wajukuu, naye akairudisha ndani mwenyewe, akikataa kusaidiwa.

Hapa tuseme neno kuhusu uvumi. Mwaka 2009 habari zilienea Saudia kwamba ndani ya cherehani za Singer kuna zebaki nyekundu, na watu wakanunua mashine mbovu kwa bei za ajabu. Ilikuwa hadithi tupu, lakini haijafa; mara mbili vijana wametusimamisha njiani, wameona mashine mabegani mwetu, wakatuuliza kama "inavuta". Ndugu yake uvumi huo ni ule wa rupia. Ukiuliza katika vijiji vingi vya huku utaambiwa Mjerumani alizika mali chini ya mti fulani kabla hajakimbia. Wapo waliochimba mpaka wakaangusha mti wenyewe. Jambo la kweli ni dogo kuliko hadithi, na kwetu ni zuri zaidi. Mwaka 1916, vita ikiwabana na njia ya bahari imefungwa, Wajerumani walitengeneza sarafu wenyewe mjini Tabora, katika karakana ya reli. Walitoa heller 20 za shaba, na pia rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Ya dhahabu hatujawahi kuishika. Ya shaba tumeishika mara mbili, ikiwa kwenye kopo la vifungo. Na kwa wenye kupenda sarafu, tunaongeza hili: shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba, kama ni ya kati ya 1921 na 1946, robo yake ni fedha kweli. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yule yule na ananguruma vile vile.

Mwalimu wetu wa falsafa ya kisasa hupenda mfano wa nyundo wa Heidegger: unapoitumia huioni, unaiona siku inapovunjika. Tulipousikia darasani tuliukariri kwa ajili ya mtihani. Barazani tuliuelewa. Pale kuna karabai isiyo na pampu, baiskeli ya Swala isiyo na mnyororo, miwani ya mtu ambaye hayupo. Mtoto wa marehemu anapita katikati yake na kusema, "Sikujua kama baba alikuwa na hivi," na vitu vyenyewe vilikuwa mezani miaka arobaini.

Si kila kitu tunanunua, hata tukiwa na fedha. Swali letu la kwanza si la bei. Tunauliza kama msimamizi wa mirathi ameshapatikana na kama ndugu wote wanajua. Tumeondoka nyumba mbili kwa sababu kijana aliyekuwa akituuzia alitazama sana barabarani alipokuwa akijibu. Kitu cha marehemu kilichouzwa kwa siri kinaleta ugomvi usioisha, na kanzu haifai kuonekana katikati ya ugomvi wa mali.

Halafu kuna vitu vya ibada. Mara kwa mara kwenye lundo tunakuta msalaba, rozari, sanamu ya Bikira Maria iliyochubuka pua. Sheria ya Kanisa iko wazi kwamba vitu vitakatifu vilivyotengwa kwa ajili ya ibada kwa kubarikiwa vinapaswa kuheshimiwa hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi (kanuni ya 1171), na kuuza masalia ya watakatifu ni marufuku kabisa (kanuni ya 1190). Sisi huwaomba wenye nyumba wasiviweke kwenye lundo hata kama hawavitaki tena. Viende kwa mjukuu, kwa jumuiya, kwa paroko. Wengi wanakubali haraka, na tunadhani walikuwa wanasubiri mtu awaambie. Mzee mmoja tu ndiye aliyetushinda. Alituuliza kwa nini duka la parokia linauza rozari kama kuuza ni vibaya. Tulimweleza tofauti kati ya rozari ya dukani ambayo haijabarikiwa na ile ya marehemu mke wake. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ya mke wangu siuzi. Naiuza hii ya kwangu, sina meno ya kusalia." Tulicheka wote, naye akairudisha mfukoni.

Lakini tulichotaka kusimulia hasa ni habari ya vitabu, kwa sababu kwenye vitabu ndipo hamu yetu ilipopimwa.

Vitabu na karatasi ndivyo vinavyokufa vibaya kuliko vitu vyote. Cherehani mbovu itapata fundi, taa itapata mtu wa kuitundika. Karatasi inauzwa kwa kilo ikafungie karanga na maandazi. Tumewahi kula maandazi yaliyofungwa kwenye ukurasa wa gazeti la Kiongozi, na tulipomaliza tulisoma tangazo la daraja ya upadre la mtu ambaye sasa ni marehemu. Kwa hiyo tukiona sanduku la bati tunaliendea kabla ya kitu kingine chochote.

Desemba iliyopita tulifika kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa pia katekista wa kigango, aliyefariki mwanzoni mwa mwaka. Mjane wake alikuwa anahamishiwa mjini. Aliyekuwa akiuza ni kitinda mimba, mtu wa miaka 40 na kitu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mwenye heshima na haraka. Dada zake wawili walikuwapo, na barua ya usimamizi wa mirathi ilikuwapo, tuliuliza.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibuni mafrateri. Kama ni vitabu, chukueni sanduku lote kwa elfu kumi na tano. La sivyo, Jumatatu anakuja mama wa maandazi."

Tulikuwa na shilingi 18,000. Tukapiga magoti barazani tukaanza kutoa. Palikuwa na Misale ya Kilatini, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja tu. Palikuwa na nakala za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, zimeshonwa pamoja kwa uzi wa katani kwa mkono wa mtu mwenye subira. Palikuwa na madaftari ya shule, kumi na moja, yenye mwandiko mwembamba ulionyooka. Na chini kabisa, limezungushiwa kipande cha kanga, juzuu la kwanza la kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Sacleux.

Tuwaeleze wasiomjua. Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika Zanzibar mwaka 1879 akiwa kijana wa miaka 23, umri ambao sisi tumeshaupita. Alikaa pwani, Bagamoyo na Unguja, karibu miaka 20, akikusanya mimea na maneno. Kamusi yake ilianza kutoka Paris mwaka 1939, yeye akiwa na zaidi ya miaka 80. Imejaa maneno ya lahaja, la Mvita likitajwa kuwa la Mvita, la Amu kuwa la Amu, la Ngazija vivyo hivyo, na wataalamu wa lugha yetu wanairudia mpaka leo. Mmoja wa walimu wetu ameitafuta kwa miaka. Na sasa ilikuwa kwenye magoti yetu, kurasa zake zikinuka moshi wa jikoni, ikiwa sehemu ya sanduku la shilingi 15,000.

Tulijua kwamba mkusanyaji wa vitabu wa Ulaya angelipa mara nyingi ya bei ile kwa juzuu hilo peke yake. Kitinda mimba hakujua. Alikuwa ameenda kuongea na simu karibu na mgomba.

Kilichofuata kilikuwa mdahalo wa kunong'ona, na tunauandika hapa kwa uaminifu kwa sababu hatujaumaliza.

Mwenzetu wa Rombo alisema tulipe tuondoke. Bei ameitaja mwenyewe bila kulazimishwa. Kujua kwetu ni matunda ya kusoma kwetu, na kusoma si wizi. Tena kitabu hatukitaki kwa faida, tunakipeleka maktaba ya seminari; tukimwambia, kitakwenda kwa mnunuzi wa mbali na hakuna Mtanzania atakayekifungua tena. Na Injili je? Yule mtu aliyekuta hazina shambani aliificha, akauza vyote, akalinunua shamba. Hatusomi kwamba alikwenda kwanza kumwarifu mwenye shamba.

Mwenzetu wa Kilema alijibu kwamba mfano ule unahusu Ufalme wa Mungu na si sheria ya mauziano, na kwamba akitaka sheria ya mauziano aende kwa Mtakatifu Thoma. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, kifungu cha 2, Thoma hasemi habari za muuzaji peke yake. Anasema pia habari za mnunuzi: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akalijua hilo akanyamaza, amenunua bila haki na anawajibika kurudisha. Tukawaza zile sarafu za Tabora, ya shaba na ya dhahabu, zimetoka karakana moja.

Hapo mwenzetu wa Rombo, ambaye darasani hukaa nyuma na tukidhani analala, akatushangaza. Alisema swali hilo hilo la 77, kifungu cha 3, linajibu pingamizi la mfanyabiashara aliyeleta ngano mahali penye njaa, akijua wenzake wako njiani na ngano nyingi. Thoma anasema haki haimlazimishi kuwatangazia wanunuzi. Akiwatangazia ni wema wa ziada. Basi kuna ujinga wa aina mbili. Kuna kutokujua kitu chenyewe, kama dhahabu na shaba, na kuna kutokujua hali ya soko. Huyu ndugu anajua kwamba hiki ni kitabu, anajua ni kamusi, anajua ni cha zamani. Hajui soko tu.

Ilikuwa hoja nzuri. Hadi leo tunaona ni hoja nzuri. Mwenzetu wa Kilema alijaribu kusema kwamba ngano ya Thoma iko njiani, bado haijafika, hali thamani ya kitabu hiki ilikuwa tayari imo ndani yake, hapa hapa barazani. Lakini alisema taratibu kuliko mwanzo, na anayeandika haya alikuwa ameshika kipande cha kanga bila kujua akikunje au akiache.

Bibi ndiye aliyetukatisha. Alikuja na chai na ndizi za kuchoma, akatutazama tulivyopiga magoti.

"Wanangu, mnasali au mnasoma?"

Tukampa shikamoo. Aliketi kwenye kigoda, akaona kamusi, akanyoosha mkono tukampa. Hakuifungua. Alisema Mwalimu alipewa na Padre mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao mgonjwa, na kwamba kila jioni baada ya rozari alitafuta humo neno moja, akalitamka kwa sauti, akawauliza watoto Kichagga chake. Asiyejua hakupata maziwa. Kisha akakicheka kile kipande cha kanga. "Hii kanga nilidhani imeibiwa," alisema. "Mwaka sabini na tano."

Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena kifungu chochote. Kitinda mimba aliporudi tulimwambia. Tulimweleza ni kitabu gani, kilichapwa lini, kwamba juzuu la pili halimo, na kwamba peke yake kina thamani kubwa kuliko sanduku alilotaka kutuuzia. Alinyamaza. Akauliza, "Kubwa kiasi gani?" Tukamwambia bei kamili hutajwa na wauzaji wa vitabu adimu, atafute mtaalamu, asikubali bei ya mtu wa kwanza. Akakipiga picha mbele, nyuma, na ukurasa wa jina. Akakichukua kutoka kwa mama yake kwa adabu, kwa mikono miwili, akakiweka ndani ya gari lake, akafunga mlango. Aliporudi alilitazama sanduku kwa macho mapya akasema mengine yaliyobaki sasa ni elfu thelathini.

Mwenzetu wa Rombo hakusema kitu. Alitutazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyeangusha mtungi karibu na mlango.

Hatukuwa na elfu thelathini. Tukaanza kurudisha vitabu sandukuni, na kwa kuwa hatukuwa tena na haraka tulifungua madaftari yale. Tulitegemea masomo ya katekisimu. Yalikuwa orodha. Mwalimu aliandika majina ya kila mtoto aliyemfundisha dini tangu 1959, mwaka wa Komunyo ya kwanza, na pembeni msalaba mdogo kwa waliofariki. Daftari la nne lilikuwa na kurasa mbili zilizotengwa kwa mstari mwekundu, zenye watu aliowabatiza mwenyewe katika hatari ya kufa. Kila jina lilikuwa na tarehe, saa, mashahidi, na mwishoni maneno mawili: Padre ameandika. Walikuwa tisa. Wa sita alikuwa na jina la ukoo wa nyumba ile.

Tulimpa kitinda mimba daftari bila kueleza. Alisoma, akarudia kusoma. Ilikuwa tarehe ya mwaka 1968, saa nane usiku, mtoto wa kike. Dada yake mkubwa alisogea akatazama juu ya bega lake, naye pia hakujua. Wakamgeukia mama yao.

Bibi alikuwa akimenya ndizi. Alilitaja jina la mtoto kabla hawajamsomea, na jina la msimamizi wa ubatizo, na kwamba mvua ilikuwa kubwa mno usiku ule hata Mwalimu alitumia maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kwenye kingo ya bati. Aliishi hadi asubuhi. "Amezikwa pale," alisema, akaonyesha kwa kisu upande wa mti wa parachichi, mahali ambapo kitinda mimba alikuwa amepanga, kama alivyotuambia tulipofika, kuchimba msingi wa nyumba mpya.

Tuliaga muda mfupi baadaye, maana familia ilihitaji kuwa peke yake. Sanduku lilirudishwa ndani. Dada mkubwa alitufuata njiani na chemli moja iliyovunjika kioo, akakataa fedha. Ni ya Feuerhand, ya Western Germany. Tumeshaipatia kioo cha shilingi 3,000 na inawaka kwenye varanda ya bweni letu umeme unapokatika. Ramani ya nyumba, tulikuja kusikia, imesogezwa mita chache kuelekea barabarani, na chini ya parachichi pamejengewa.

Kamusi haijauzwa. Iko Dar es Salaam, sebuleni kwa kitinda mimba, na yeye ana namba zetu. Kila baada ya wiki moja mbili hututumia picha ya ukurasa kwenye WhatsApp na kuuliza Kifaransa kinasemaje, na sisi, ambao Kifaransa chetu ni cha kuokoteza, tunakimbilia kwa mwalimu wetu aliyekuwa akiitafuta kamusi hiyo, ambaye sasa anaisoma ukurasa mmoja mmoja kwenye simu ya frateri. Pembeni mwa kurasa nyingi Mwalimu aliandika kwa penseli neno la Kichagga. Jumapili iliyopita uliingia ukurasa wa herufi M, na swali kama Kirombo nacho kina neno hilo. Mwenzetu wa Rombo, ambaye mpaka leo anashikilia kwamba tungenyamaza tukalipa, alimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne.